Msitu mweusi juu ya theluji: misonobari ya kaskazini inaipoza dunia au inaipasha joto?

Katikati ya miaka ya 1990, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilichoko Reading, Uingereza, kilikuwa na kosa lililorudi kila mwaka. Majira ya kuchipua yalipokaribia, kompyuta zake ziliitabiria Kanada na Siberia baridi kali kuliko ile iliyokuja kweli. Kosa lilikuwa kwenye rangi. Programu ilijua kwamba mwezi Machi ardhi ya huko imefunikwa na theluji, na kwamba theluji hurudisha angani karibu asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoipiga. Basi ikapiga hesabu hiyo kwa eneo zima, kana kwamba juu ya theluji hiyo hakukuwa na msitu.

Na msitu wenyewe ni mweusi. Ukiutazama kutoka kwenye ndege wakati wa baridi, unaonekana kama wino uliomwagika kwenye karatasi nyeupe. Theluji ipo, lakini iko chini, kwenye kivuli cha matawi, na ile inayotua juu ya matawi huanguka au kupeperushwa na upepo baada ya siku chache. Kati ya 1994 na 1996, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, pamoja na watafiti wa Kanada waliendesha mradi mkubwa ulioitwa BOREAS, wakafunga vipimo juu ya vilele vya miti huko Saskatchewan na Manitoba. Walichokuta ni kwamba msitu wa miti hii, hata ukiwa na theluji tele chini yake, hurudisha asilimia 20 tu ya mwanga, au pungufu ya hapo. Mwishoni mwa 1996 watabiri wa Reading wakabadilisha namba moja kwenye programu yao, kutoka 0.8 hadi 0.2, na ile baridi ya uongo ikapungua sana.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinagusa swali ambalo wengi hudhani lilishajibiwa zamani. Tumezoea kuambiwa kwamba mti ni mti: ukiupanda, unavuta hewa ukaa, dunia inapoa, basi. Lakini misitu ya kaskazini, ambayo kwa hesabu za mwaka 2020 za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ni zaidi ya robo ya misitu yote duniani, ina daftari lenye kurasa kadhaa, na kurasa hizo hazikubaliani. Kuna ukurasa wa rangi, ukurasa wa kaboni, ukurasa wa harufu (ndiyo, harufu) na ukurasa wa moto. Wanasayansi wamekuwa wakizisoma moja moja kwa zaidi ya miaka 30, na jumla yake bado inawagombanisha.

Kwa nini uwe na majani wakati wa barafu?

Mkanda wenyewe unaanzia Alaska, unavuka Kanada, unaibukia Skandinavia na Finland, kisha unaendelea ndani ya Urusi mpaka pwani ya Pasifiki. Kwa ukubwa wake, aina za miti ni chache ajabu. Nyingi ni za jamii ya konifa, yaani miti izaayo mbegu ndani ya koni badala ya matunda: misonobari, mispruzi yenye umbo la mwavuli uliofungwa, na milachi ya Siberia. Majani yake ni sindano, na isipokuwa milachi, miti hii haipukutishi sindano zake wakati wa baridi. Hapo ndipo weusi wa msitu unapotoka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza weusi huo unaifanyia nini dunia, ni vizuri kujua mti wenyewe unafaidika nini nao.

Jibu ni ubahili. Udongo wa kaskazini una nitrojeni nyingi iliyofungiwa ndani ya mabaki yasiyooza kwa sababu ya baridi, na mti hupata kidogo sana kwa mwaka. Kutengeneza jani jipya ni gharama. Mti wenye majani mapana huko kusini unaweza kumudu kuyatupa yote kila mwaka na kuanza upya. Mspruzi wa kaskazini hauwezi, kwa hiyo sindano moja hutumika miaka mitano, saba, wakati mwingine zaidi ya kumi. Na siku ya kwanza yenye joto la kutosha, sindano hiyo iko tayari kufanya kazi, hakuna kusubiri chipukizi.

Ila ubahili huu una hatari zake, na hapa utafiti wa miti umegundua mambo yanayostahili kutazamwa kwa karibu. Chukua kipande cha mbao ya msonobari, ukikate kikiwa chembamba kama karatasi, ukiweke chini ya hadubini. Utaona mirija midogo iliyopangwa safu kwa safu, kila mmoja ukiwa na upana wa sehemu chache za mia za milimita na urefu wa milimita chache tu. Huitwa trakeidi. Mti wa majani mapana, kama mwaloni, una mirija mipana na mirefu zaidi, na kwa akili ya kawaida mirija mipana ndiyo bora. Sivyo inapofika baridi. Maji yakiganda, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake hutoka na kuwa viputo. Barafu inapoyeyuka, maji huanza kuvutwa tena kwenda juu, na katika mrija mpana kiputo hutanuka na kuukata uzi wa maji. Mrija huo umekufa. Katika trakeidi nyembamba viputo ni vidogo mno, hivyo huyeyuka tena ndani ya maji kabla ya kuleta madhara.

Swali linabaki: kama mirija ni myembamba na mifupi hivyo, mti unapataje maji ya kutosha? Kwenye kuta za trakeidi kuna vitundu vya kupitishia maji kutoka mrija mmoja hadi mwingine, na katikati ya kila kitundu kuna kizibo kidogo cha mviringo kinachoning'inia kwenye nyuzi, mfano wa buibui katikati ya utando wake. Mambo yakiwa shwari, maji hupita kati ya nyuzi. Mrija wa jirani ukiingia hewa, kizibo huvutwa upande mmoja na kuziba kitundu. Mwaka 2005 Jarmila Pittermann na wenzake walionyesha kwamba vitundu hivi hupitisha maji kwa wepesi kiasi kwamba mirija mifupi ya konifa hufanya kazi karibu sawa na mirija mirefu ya miti mingine yenye upana uleule. Vali ya mabomba, iliyobuniwa mamilioni ya miaka kabla ya fundi bomba wa kwanza.

Hatari ya pili ni mwanga. Mwezi Februari jua linawaka, theluji inameremeta, lakini sindano imeganda na haiwezi kutumia nishati hiyo kutengeneza sukari. Klorofili haina swichi ya kuzima. Inaendelea kunasa mwanga, na nishati isiyo na pa kwenda huunguza seli. Mwaka 2020 watafiti wa Umeå, Sweden, walieleza jinsi msonobari unavyojiokoa: wakati wa baridi mitambo miwili ya usanisinuru ndani ya sindano, ambayo kiangazi hukaa mbalimbali, husogeleana, na nishati ya ziada ya mtambo wa kwanza humiminikia mtambo wa pili na kuishia kuwa joto lisilodhuru. Maji nayo husukumwa nje ya seli, yakagandia kwenye nafasi zilizo katikati ya seli, na ndani ya seli hubaki sharubati nzito ya sukari isiyoganda kwa urahisi.

Mtu angetegemea ufundi wote huu uwe umeandikwa kwa jeni nyingi za pekee. Jenomu ya mspruzi wa Ulaya, yaani maandishi yake yote ya urithi, iliposomwa mwaka 2013, ilikutwa na urefu wa herufi bilioni 20 hivi, kama mara saba ya jenomu ya binadamu. Jeni zenyewe? Karibu 28,000, idadi inayolingana na ya gugu dogo linalotumiwa na wanasayansi kwa majaribio ya maabara. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni vipande vilivyojinakili na kurundikana kwa mamilioni ya miaka bila kufagiliwa. Mti bahili, mpaka kwenye takataka zake.

Ukurasa wa rangi

Sasa turudi kwenye weusi. Mwaka 1992, hata kabla ya BOREAS, Gordon Bonan na wenzake walifanya jaribio ndani ya kompyuta: waliufuta msitu wote wa kaskazini na kuacha ardhi tupu, kisha wakatazama hali ya hewa ingekuwaje. Dunia ya kaskazini ilipoa. Bila miti, theluji ilibaki wazi na kurudisha mwanga angani. Baridi hiyo ikaongeza barafu ya baharini. Barafu hiyo nayo ikaendeleza baridi mpaka kiangazi. Kwa maneno mengine, kuwapo kwa msitu kunaipa kaskazini joto ambalo isingekuwa nalo.

Uwezo huu wa uso wa ardhi kurudisha mwanga huitwa albedo, na hauhusiani na hewa ukaa hata kidogo. Ndiyo maana ulichelewa kuingia kwenye mazungumzo ya upandaji miti. Mwaka 2000 Richard Betts wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza aliweka mambo mawili kwenye mizani moja: kaboni ambayo msitu mpya wa konifa ungevuta, na joto ambalo ungeongeza kwa kuifunika theluji. Katika sehemu nyingi za kaskazini faida ya kaboni ililiwa na hasara ya rangi, na kuna sehemu ambako kupanda miti kungeongeza joto badala ya kulipunguza. Mwaka 2007 timu ya Govindasamy Bala ilipata picha hiyohiyo kwa njia nyingine. Katika kompyuta yao, kuifyeka misitu ya tropiki kuliipasha dunia joto, kuifyeka ya kaskazini kuliipoza.

Hapo ndipo baadhi ya watu walipokimbilia kusema: basi tukate. Ni usomaji mbaya wa utafiti huo, na si kwa sababu ya huruma kwa miti pekee. Kompyuta hizo ziliufuta msitu kwa mkupuo, kama mtu anayefuta ubao. Hazikuonyesha kinachotokea kwa ardhi iliyoganda inapopoteza kivuli chake, wala kwa chembe ambazo msitu hupeleka hewani. Hesabu ya rangi ni sahihi. Tatizo ni kuisoma kana kwamba ndiyo daftari zima.

Na hata rangi yenyewe si moja. Milachi ya Siberia hugeuka dhahabu wakati wa vuli, ikapukutisha sindano zote, na wakati wa baridi husimama kama fito tupu. Mwanga hupenya mpaka kwenye theluji na kurudi juu. Milachi ndiyo inayofika kaskazini kuliko miti yote; kwenye rasi ya Taymyr kuna misitu yake iliyovuka latitudo ya nyuzi 72, juu ya ardhi iliyoganda, ambako mizizi hutambaa kwenye tabaka jembamba linaloyeyuka kiangazi. Hali ya hewa ikiendelea kuwa na joto, mispruzi na miti mingine isiyopukutisha inaweza kuingia kwenye himaya ya milachi. Msitu utabaki msitu, kwenye ramani hakuna kitakachobadilika, lakini rangi ya Februari itakuwa nyingine, na joto litaongezeka kwa sababu hiyo.

Ukurasa wa kaboni uko chini ya miguu

Anayekwenda kupima kaboni ya msitu wa kaskazini kwa kukumbatia mashina atakuwa amepima sehemu ndogo. Miti ni myembamba, inakua polepole. Mspruzi mweusi wa Kanada wenye miaka mia unaweza kuwa na shina ambalo mikono miwili inalizunguka. Mali imezikwa. Kwenye baridi na unyevunyevu mabaki hayaozi upesi, na kwa maelfu ya miaka yamejilimbikiza kuwa tabaka nene la mboji, mengine yakiwa yamegandia ndani ya barafu ya ardhini.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba tabaka hili hujengwa kutoka juu: sindano zinaanguka, mimea laini ya chini inakufa, vinalundikana. Karina Clemmensen na wenzake walilichunguza wazo hilo kwenye visiwa vya maziwa mawili ya kaskazini mwa Sweden, Hornavan na Uddjaure, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Uteuzi wa visiwa ulikuwa wa werevu. Kisiwa kikubwa hupigwa na radi mara kwa mara na kuungua. Kisiwa kidogo radi hukikosa, kwa hiyo kuna visiwa vidogo ambavyo havijaona moto kwa maelfu ya miaka. Ukivipanga kwa ukubwa, umepata saa inayoonyesha umri wa msitu. Walipopima umri wa kaboni katika kila tabaka la udongo, walikuta kwamba kati ya nusu na asilimia 70 ya kaboni iliyohifadhiwa haikutoka juu. Ilitoka kwenye mizizi na kwenye kuvu wanaoishi nayo.

Kuvu hawa ni nyuzi nyembamba zinazoizunguka ncha ya kila mzizi kama soksi. Mti huwapa sukari, wao huusakia nitrojeni mahali ambapo mzizi hauwezi kufika. Ukitaka kujua sukari hiyo ni kiasi gani, kuna jaribio la Peter Högberg na wenzake la mwaka 2001, katika msitu wa misonobari wa Åheden, Sweden. Walibandua gome kuzunguka mashina. Maji hupanda kupitia mbao, hivyo mti uliendelea kunywa na kubaki kijani. Lakini sukari hushuka kupitia gome la ndani, na njia hiyo sasa ilikuwa imekatwa. Ndani ya siku tano pumzi ya udongo, yaani hewa ukaa inayotoka ardhini, ilikuwa imeshuka kwa hadi asilimia 37. Baada ya mwezi mmoja au miwili ilikuwa chini kwa zaidi ya nusu. Sukari iliyotengenezwa kwenye sindano wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha nusu ya uhai wa ardhini. Sijui jaribio jingine la misitu lililosema mengi hivyo kwa kutumia kisu tu.

Kuvu hawa wamezua pia simulizi tamu ya miti inayozungumza na kutunzana kupitia mtandao wa chini. Chanzo chake ni utafiti halisi wa Suzanne Simard, aliyeonyesha mwaka 1997 huko British Columbia kwamba kaboni inaweza kuhama kutoka mti wa betula, wenye majani mapana, hadi konifa ya jirani. Lakini mwaka 2023 Justine Karst na wenzake wawili walipitia ushahidi wote wa msituni na kukuta kwamba simulizi imekwenda mbali kuliko data. Kwamba kuvu na miti wanabadilishana mali, hilo halina ubishi. Kwamba mti mama huwatambua na kuwalisha watoto wake, hilo halijathibitishwa.

Je, akiba hii ya chini itabaki salama dunia ikipata joto? Kwenye kinamasi cha mispruzi myeusi huko Marcell, Minnesota, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilijenga vyumba kumi vya ukuta angavu visivyo na paa, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 12 hivi na miti hai ndani yake. Kuanzia 2015 hewa ya ndani na mboji ya chini zilipashwa joto kwa viwango tofauti, kuanzia sifuri hadi nyuzi 9 za ziada, usiku na mchana. Joto lilipoongezwa, kinamasi kilianza kupoteza kaboni, na kadiri joto lilivyozidi ndivyo upotevu ulivyozidi. Kingine kilichojitokeza hakikutarajiwa sana: miti iliyopashwa joto iliamka mapema, na baridi ya ghafla ya mwaka 2016 ikaikuta imeshafungua chipukizi na kuiunguza.

Harufu inayokuwa wingu

Harufu ya msonobari ni gesi. Mti hutoa terpeni, jamii ileile ya kemikali iliyo kwenye tapentaini, ili kujikinga na wadudu na joto. Mwaka 1960 mtaalamu wa mimea Frits Went alipendekeza kwamba ukungu wa samawati unaoonekana juu ya misitu siku za joto hutokana na harufu hizo zinapobadilika kuwa chembe ndogo hewani. Ilichukua muda mrefu kujua zinabadilikaje.

Jibu lilitoka kwa kiasi kikubwa Hyytiälä, kituo cha Chuo Kikuu cha Helsinki katikati ya msitu wa misonobari nchini Finland, ambako tangu katikati ya miaka ya 1990 mnara na mabanda ya vipimo vimekuwa vikinusa msitu mfululizo. Mwaka 2014 watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, walieleza hatua iliyokuwa imekosekana. Molekuli ya pineni, mojawapo ya terpeni hizo, ikigusana na ozoni, hujibeba oksijeni nyingi kwa sekunde chache tu mpaka inakuwa nzito, haiwezi tena kuelea kama gesi, na hushikamana na chembe yoyote iliyo karibu. Miaka miwili baadaye, majaribio ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, yalionyesha kwamba molekuli hizo zinaweza hata kuanzisha chembe mpya zenyewe, bila msaada wa asidi ya salfa iliyodhaniwa kuwa ya lazima.

Chembe hizo zikikua, mvuke hutua juu yake na kuwa matone ya wingu. Wingu lenye matone mengi madogo ni jeupe zaidi, na wingu jeupe hurudisha mwanga angani. Yaani msitu uleule mweusi unaonyonya jua hujitengenezea mwavuli mweupe juu ya kichwa chake! Hesabu za mwaka 2008 zilikadiria kwamba misitu hii huongeza mbegu za mawingu katika anga lake takriban maradufu. Joto likipanda, miti hutoa harufu zaidi, na wengine walitumaini kwamba hiyo ingekuwa breki ya asili ya ongezeko la joto. Breki ipo, lakini kwa dunia nzima ni dhaifu sana. Inahisiwa zaidi kwenye maeneo ya msitu wenyewe.

Moto, na rangi inayofuata moto

Mbawakawa wa misonobari wa milimani, wadudu wanaoua miti hiyo, nitawataja kwa ufupi, ingawa wenyewe hawakufanya lolote kwa ufupi. Mabuu yao hufa baridi ikikaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Majira ya baridi yalipolegea mwishoni mwa miaka ya 1990, walienea katika hekta zipatazo milioni 18 za British Columbia. Mwaka 2008 Werner Kurz na wenzake walionyesha kwamba msitu uliovamiwa ulikuwa umegeuka kutoka ghala la kaboni kuwa chanzo chake.

Moto ni habari ndefu zaidi, kwa sababu kwa miti hii si ajali. Mspruzi mweusi huweka koni zake zimesongamana kileleni, zimefungwa kwa utomvu. Moto ukipita, utomvu unayeyuka, magamba ya koni yanafunguka taratibu, na mbegu zinanyesha juu ya majivu ambako hakuna mshindani. Msonobari wa Banks hufanya vivyo hivyo. Koni yake inaweza kukaa imefungwa kwa miaka kama kopo. Miti ya Amerika Kaskazini huupokea moto na kufa nao, ukipanda kwa matawi ya chini mpaka kileleni. Ya Siberia na Skandinavia, yenye gome nene na shina lisilo na matawi ya chini, aghalabu huuacha upite ardhini na kubaki hai. Picha za satelaiti zilizochambuliwa mwaka 2015 zilionyesha tofauti hii kati ya mabara mawili waziwazi, na chanzo chake kikubwa ni aina za miti.

Kwa daftari letu, moto una mafumbo yake. James Randerson na wenzake walifuatilia eneo lililoungua Alaska mwaka 1999 na kuchapisha hesabu kamili mwaka 2006. Mwaka wa kwanza moto uliongeza joto: hewa ukaa, methani, masizi. Lakini miti myeusi ikiisha kuondoka, theluji ilionekana tena kwa miongo kadhaa, na ukichukua wastani wa miaka 80 matokeo yalikuwa kupoa kidogo. Sharti lake ni moja: msitu upewe hiyo miaka 80. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 2014 katika Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada, Xanthe Walker na wenzake walipima umri wa mboji iliyobaki na kukuta kwamba kwenye baadhi ya misitu michanga, moto ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kaboni ya kale iliyonusurika mioto yote iliyotangulia. Mwaka 2023 Kanada iliungua takriban hekta milioni 15, kiasi ambacho hakuna mwaka mwingine katika kumbukumbu za nchi hiyo uliokikaribia.

Mboji ikiungua mpaka chini, mbegu za mspruzi hazipati tena kitanda zilichozoea, na udongo wa madini ulioachwa wazi huchukuliwa na mibetula na mipopla, ambayo mbegu zake nyepesi huletwa na upepo. Michelle Mack na wenzake walirudi kwenye misitu ya Alaska iliyoungua mwaka 2004 na kutoa matokeo mwaka 2021: mahali miti ya majani mapana ilipochukua nafasi, ilikuwa inakua haraka kiasi kwamba, kwa mzunguko wa miaka mia, ingehifadhi kaboni mara tano ya mispruzi iliyoondoka. Kaboni hiyo iko kwenye mashina, si kwenye mboji. Miti hiyo haishiki moto kirahisi, na wakati wa baridi haina majani, kwa hiyo theluji inaonekana.

Kwa desturi ya misitu hiyo, chini ya kivuli cha mibetula miche ya mispruzi huota yenyewe, ikasubiri miaka 60 au 80 mpaka wenye nyumba wazeeke, kisha ikachukua mahali pao na kuurudisha msitu kwenye weusi wake. Katika viwanja vile vya Alaska ambako mboji iliungua yote, miche hiyo ni haba.